Ukurasa wa Baba Si Uwanja wa Ngoma

Doto ndugu yangu,

Mwangaluka. Habari za Bariadi, habari za duka lako la fotokopi, habari za shemeji yangu na wanangu? Mvua zimeshika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine? Mimi huku Denmark ni mhola, salama tu, namshukuru Mungu, ukiacha mgongo na hii baridi ambayo nimeishi nayo miaka sasa na bado hatujazoeana. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe wangu hufungui. Barua anakuletea mwenzetu mmoja anayekuja likizo kwao Maswa. Mpe soda, mpe na kiti. Hajawahi kuhariri chochote mtandaoni, kwa hiyo hana kosa.

Najua umenuna kwa nini. Nimekufungia akaunti yako kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, na nimezifunga na zile nyingine zote ulizozifungua hapo dukani. Umemwambia mdogo wetu Mbuke kwamba nimewauza, kwamba Ulaya imenibadilisha, kwamba namtetea mtu wa Maswa kuliko baba yangu mzazi. Mbuke kanieleza yote, na wewe ulijua atanieleza, ndiyo maana ukamwambia. Sawa. Sasa kaa chini unisikilize, maana mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni na hilo huwezi kulihariri.

Kazi yangu ni ile ile. Nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, mahali ambapo watoto wao wanawaleta na kuwaacha, halafu wanakuja siku moja moja na maua. Mashine zinanguruma kutwa nzima, sabuni imenichubua vidole, na msimamizi wangu ni binti mdogo anayenisemesha polepole kwa sauti kubwa utadhani mimi ni mmoja wa wale wazee. Nilipofika sikuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili, Kisukuma ndiyo usiseme. Ndipo nikaanza kuandika kwenye ile kamusi wakati wa mapumziko. Niliandika kuhusu pamba, nikaandika kuhusu michembe, jinsi viazi vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani, nikajisikia kama nipo nyumbani. Kumbe nilikuwa naingia kwenye kundi la wajuaji.

Doto, hujui dharau niliyonayo kwa wale watu. Wanajitolea, hawalipwi, na kila mmoja anakukumbusha kwamba anajitolea, kama mgeni aliyejialika mwenyewe halafu anataka ashukuriwe kwa kula. Yupo mmoja ambaye ameandika makala za kata zote za Itilima kwa sentensi zile zile, anabadilisha jina tu. Migato ni kata, Mwamapalala ni kata, basi, amemaliza, anajiita mtaalamu wa Simiyu. Mtu akiongeza kwamba Mwamapalala wanalima na kufuga, anafuta na kuuliza chanzo kiko wapi. Chanzo ni hao ng'ombe wenyewe, lakini hawana kurasa. Wengine wawili waligombana majuma kwa majuma juu ya picha ya ng'ombe, ikae kulia au kushoto kwa maandishi, mpaka wakaacha kusalimiana. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Uholanzi.

Kwa kuwa mimi nilikuwa najibu watu kwa adabu, wakanifanya mkabidhi, yaani mtu mwenye funguo: naweza kufunga ukurasa, naweza kumzuia mtu asiandike. Hakuna mshahara, hakuna kiti, kuna lawama tu.

Ulipouanzisha ukurasa wa baba nilifurahi, sikatai. Ng'wana Nhandi, manju aliyewaongoza Bagalu wa Mwamapalala kwa nyimbo ngomani, jina lake liko pale na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Nililia chumbani kwa mashine, yule binti msimamizi akaniletea maji. Halafu akaingia huyo anayejiita Mpenda Ukweli. Mtu akijiita hivyo, jiandae. Anasema ni mwalimu wa chuo huko Dodoma, kwao Maswa, na babu yake alikuwa Mgika, wa upande uliokuwa unashindana na baba ngomani. Ana kijitabu cha padri mmoja wa zamani aliyezunguka vijijini akiandika habari za ngoma, na humo mna sentensi moja kwamba baba alishindwa na manju Gamaya wa Bagika kwenye uwanja wa Maswa. Akaiweka. Ukaifuta, ukaandika kwamba baba hakuwahi kushindwa na mtu. Akairudisha. Ukaifuta tena. Mmekwenda hivyo mpaka kumbukumbu za mabadiliko zikawa ndefu kuliko ukurasa wenyewe.

Matusi nayo hayakuchelewa. Yeye aliandika kwamba Bagalu wa Mwamapalala walikuwa wanaruka kama watu waliokanyaga siafu. Wewe ukajibu kwamba babu yake alikuwa anakwenda ngomani kuwabebea wenzake maji. Watu wazima, wenye watoto shuleni, mmoja na shahada zake na mwingine na duka lake, mnatukanana mbele ya dunia kwa ajili ya wanaume waliokuwa wanapatana vizuri tu ngoma ikiisha.

Wakabidhi wenzangu, mmoja yuko Nairobi na mwingine ni Mjerumani aliyejifunza Kiswahili Unguja, wakaniambia mgogoro huo niutatue mimi kwa kuwa ni Msukuma. Nikawaambia wazi kwamba anayezungumzwa ni baba yangu na mmoja wa wagomvi ni pacha wangu. Wakajibu kwamba basi nitakuwa naijua mada vizuri. Huo ndio uangalifu wao. Koma ikikosekana wanaitisha kikao, jambo la maana likija wanalisukuma kwa mwingine.

Waliniuliza pia kama Bagalu na Bagika ni vyama vya siasa. Nikakaa nikawaandikia kwamba ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, kwamba baada ya mavuno vinakutana uwanjani na kucheza wakati mmoja, hawa huku na wale kule, kila upande na manju wake anayeimba. Hakuna jaji. Watazamaji ndio waamuzi na wanaamua kwa miguu yao: wanahamia kwa yule anayewavutia, na jua likizama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mjerumani akasema inapendeza sana, akauliza chanzo.

Na hapo ndipo wewe na Mpenda Ukweli mlipoharibu kabisa. Kule kwenye kamusi, penye ubishi kuna ukurasa wa majadiliano, na pale watu hawahesabiwi, zinapimwa hoja zao. Ninyi mkaona pande mbili zinakabiliana, mkajiambia huu ni uwanja. Nimezunguka na wajinga wa mataifa mengi kwenye ile kamusi, lakini kosa hilo angelifanya Msukuma peke yake. Mwenzako akaleta wanafunzi wake darasa zima. Wewe ukamsajili kila aliyeingia dukani kutoa kopi: fundi baiskeli, mama wa kuuza dagaa, hadi mwinjilisti wetu. Wote wameandika kwamba wanamuunga mkono Ng'wana Nhandi, kwa maneno yale yale, kutoka kompyuta ile ile. Mmoja aliandika kwamba anaunga mkono, na anaulizia kopi ya cheti chake cha kuzaliwa kama iko tayari.

Yule wa Nairobi alicheka mpaka akanipigia simu tucheke wote. Mimi sikucheka. Niliona aibu, na aibu ya pacha haina pa kujificha, sura ni moja.

Kisha ukanitumia ule ujumbe wa mwisho kabla hujazira. Uliandika kwamba Jumapili baada ya ibada huwa unapanda bodaboda hadi Mwamapalala kumsomea baba ukurasa wake kwenye simu. Kwamba mwanzoni alikuwa anafurahi, anakurudisha nyuma umsomee tena, lakini siku hizi ukimaliza anageukia ukutani, hata ugali haumalizi. Kwamba maneno ya yule wa Maswa yatamuua. Ukaniambia nichague, baba au kijitabu cha padri.

Hapo nilitishika kweli. Mimi siko huko. Nanyoosha mashuka ya wazee wa watu wakati mzee wangu anageukia ukutani. Nilikuwa tayari kuifuta ile sentensi kwa mkono wangu mwenyewe, nifunge ukurasa, na sheria zao wabaki nazo. Nilikwisha kuufungua ukurasa, Doto, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini kabla ya kubonyeza nikampigia Mbuke ampe baba simu, maana nilikumbuka kwamba katika fujo yote ile, na vyanzo vyote vile, hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Tukasalimiana salamu zote, kwa sababu ukiruka hata moja unajua anaanza upya. Nikamuuliza kama maneno ya yule mtu wa Maswa yamemuumiza sana. Akaniuliza mtu gani wa Maswa. Hamjui, Doto. Hajawahi kumsikia, kwa sababu ulikuwa unamsomea ulichokiandika wewe tu. Basi nikamsomea ile sentensi ya padri neno kwa neno, nikiwa nimejikaza, nikitegemea simu itawekwa chini. Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi.

"Ni kweli," akasema. "Gamaya alinishinda. Watu waliniacha nikabaki naimba na wapiga ngoma wangu. Nikageuka kuangalia wamefuata nini kule, nikamwona mama yenu amesimama mbele kabisa, anamshangilia Gamaya."

Alivuka uwanja, Doto. Mgalu, manju mzima, na jua bado halijazama, alivuka kwenda kwa Bagika kuuliza yule binti ni wa nani. Wenzake hawakumsemesha msimu mzima. Na mama miaka yote ile aliyotulea hakutuambia hata siku moja kwamba alikuwa upande wa pili. Nadhani aliona haya, au alimwachia mzee heshima yake. Sasa amelala pale nyuma ya nyumba na siri yake, na sisi tumezaliwa na kushindwa huko huko unakokufuta.

Nikamuuliza baba, kama si mtu wa Maswa, nini basi kinamgeuza ukutani.

"Doto anasoma kwamba sikushindwa," akasema. "Siku ile ameitoa. Sasa mama yenu nilimpata wapi?"

Nikamuuliza kwa nini asikueleze. Akasema mtoto ametoka Bariadi na vumbi lote lile kumletea kitu kizuri, utamwambiaje kwamba amekosea. Yaani mzee anakufichia aibu yako, na wewe unamwona mgonjwa.

Basi nikaamua. Nilitaka niyaandike maneno yake ukurasani, lakini haiwezekani. Kwa sheria za wale wapuuzi, baba aliye hai si chanzo cha maisha yake mwenyewe. Chanzo ni padri aliyekwisha kufa, ambaye siku ile huenda alikuwa amekaa kivulini anafuta miwani. Nimeirudisha sentensi yake pamoja na kijitabu chake. Nimeufunga ukurasa. Nimekufungia wewe na wateja wako wote, na mwambie yule wa cheti cha kuzaliwa kwamba jibu lake liko kwako. Mpenda Ukweli akaandika kwa furaha kwamba ukweli umeshinda na Bagika wameshinda tena. Nikamfungia naye kwa yale matusi ya siafu, pamoja na darasa lake. Sasa ananiandikia malalamiko yenye vifungu na vifungu vidogo, na anasaini na shahada zake. Msomi mzima amekuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na bado hajui hata kidogo alikuwa anagombania nini. Simjibu. Mjerumani ameniandikia kunipongeza kwa utulivu wangu.

Nawe usidhani umepona kwa kuwa nacheka. Ulikuwa unataka baba asiyeshindwa ili umwonyeshe yule wa Dodoma. Baba mwenyewe hakukutuma. Hilo limenikera kuliko yote, na nimelisema, na sasa nimelimaliza.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie ajitahidi na wewe, ndio msalaba wake. Wanangu wabusu wote, yule mkubwa mwambie nimesikia habari za mtihani na nimefurahi. Msalimie Mbuke, anayemtunza mzee bila kuandika popote kwamba anajitolea. Msalimie shangazi yetu wa Migato, na kama ana michembe ya mwaka huu ampe huyu mleta barua akirudi. Mwinjilisti msalimie pia, mwambie nimemfungia bila chuki.

Jumapili nenda kwa baba. Kusoma huhitaji akaunti. Msomee ukurasa wote, usiruke kitu, na ukifika pale kwa Gamaya punguza mwendo. Halafu zima simu, umuulize mama alikuwa amevaa nini siku ile. Mimi sikuwahi kuuliza, salio liliniishia.

Ni mimi pacha wako, nikiwa na hasira zilizobaki kidogo,

Kulwa