Kamasi kwenye Jicho la Ndoano

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimechoka. Mgongo, shingo, vidole — hakuna pa kushika. Leo nzi mia mbili na kumi. Si nzi wa chooni! Kanisani kila nikieleza wananicheka. Ni manyoya na nyuzi tunavyofunga kwenye ndoano, ili samaki wa huko Ulaya adhani ni mdudu, ameze. Miaka tisa nafunga nzi hapa Gahanga, na pasta bado ananiuliza kama nimepata kazi.

Vanishi iliisha asubuhi. Kila nzi akishafungwa, kichwa chake hupakwa tone moja uzi usifumuke. Bosi Kamanzi kamtuma Mukandekezi, mama anayetuchambulia manyoya, aende Kicukiro alete verini, yaani vanishi, isiyo na rangi. Mama wa watu ni wa Kifaransa cha zamani. Kwake verini ni ya kucha. Karudi na vichupa sita vya rangi ya kucha, na kimoja cha asetoni ya kuifutia! Tulicheka, Kamanzi hakucheka. Nilijaribu kimoja. Kinang'aa, lakini ukipinda uzi kidogo kinapasuka kama ganda la yai. Hakifai. Asetoni nimempelekea Shami, binti yangu.

Jumatano, 5 Machi

Vanishi imepatikana, ya maseremala. Nzito. Nimeikata kwa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, mpaka kichwa kikaniuma. Nzito hukaa juu ya uzi kama uji uliopoa. Nyepesi huzama ndani, na hiyo ndiyo kazi.

Phiona, jirani yangu wa meza, hapaki vanishi. Yeye ana gundi ya taa. Anadondosha, anamulika taa ya zambarau, sekunde kumi imekuwa kioo. Kamanzi kaileta Novemba pamoja naye, na anaisifu kuliko mke wake. Mimi siipendi. Vanishi hata ikae mwaka, ukiigusa kwa asetoni inalainika. Ile ya taa ikishashika imeshika, huna nafasi ya kujuta.

Alhamisi, 6 Machi

Sanduku la Januari limerudi kutoka Uskochi. Macho yameziba.

Jicho la ndoano ni kile kitundu cha kupitishia mshipi. Tone likizidi linateremka na kukiziba — sisi tunaliita kamasi. Kabla halijakauka unapitisha unyoya mkavu, unamfuta nzi kamasi kama mtoto. Ni jambo la kwanza unalofundishwa. Na nzi arobaini katika kila mia hawakufutwa!

Vichwa tunapaka watu wawili tu, mimi na Phiona, na nzi wetu huchanganywa kwenye sanduku moja. Kamanzi kauliza ni nani. Mimi ndiye niliyesema — hakuna aliyenilazimisha — kwamba gundi ya taa inawahi kukauka, mtu hapati muda wa kufuta. Nilisema habari ya gundi tu. Wote wakamtazama Phiona.

Ijumaa, 7 Machi

Phiona kaondolewa mezani, anachambua manyoya na Mukandekezi. Hakula mchana. Wakati wa kunawa akanifuata bombani.

"Mama Shami, mi nafutaga kamasi yote. Naangariaga moja moja."

Nikamwambia ihangane. Ni neno jepesi, halimgharimu mtu kitu. Vumilia, pole, basi yameisha. Ana mtoto wa miezi saba.

Jumapili, 9 Machi

Sikukaa mpaka mwisho wa ibada. Neno la Phiona lilinikereketa tangu Ijumaa.

Nilikuwa nimechukua nzi watano wa lile sanduku, kutoka fungu la wabovu. Nikakaa dirishani nyumbani, jua la saa saba, mwanga tele. Nikamsogeza mmoja karibu — ukungu. Nikamweka mbali, mkono umenyooka — ukungu. Kitundu kipo au hakipo? Sikuweza kusema. Mwaka mzima nimekuwa nikilalamikia balbu.

Nikaomba asetoni ya Shami, nikadondosha kwa pini. Nilikuwa naomba Mungu isilainike. Ikilainika ni vanishi. Ni yangu.

Wa kwanza akalainika. Wa pili. Pini ikapita kwa wote watano.

Kwanza nilikasirika, na nilimkasirikia nani? Phiona! Kwa nini hakujitetea zaidi? Halafu nikaona aibu, nikakaa nayo mpaka Shami akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni harufu tu.

Miwani si shida, Kicukiro ziko. Lakini Winifred, mfungaji mwenzetu, alipokuja na miwani mwaka juzi, Kamanzi alisema nzi si kazi ya bibi, akampeleka stoo. Baada ya miezi mitatu hakuwepo tena kazini. Shami amebakiza mwaka na nusu chuoni. Mimi ni mpumbavu, na ni mwoga pia. Nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi

Kamanzi katuita ofisini, mimi na Phiona. Kaandika barua kwa mteja: kosa ni gundi mpya, na mfanyakazi aliyeitumia ameachishwa. Inatakiwa saini ya mfungaji mkuu, ndiye mimi.

"Mama Shami, wewe ndio macho ya hii workshop. Weka sign hapo."

Kiingereza nakijua cha kutosha. Herufi ndizo sikuziona. Mkono ukaenda wenyewe. Nikampa Phiona karatasi anisomee, kama ninavyompa lebo za nyuzi, kama ninavyompa kila chenye maandishi madogo. Sikufikiri. Naapa sikufikiri.

Akasoma. Kwa sauti, polepole, mpaka kwenye jina lake, akalipita, akamaliza. Kisha akairudisha karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa saini kwa sababu alijua sitauona.

"Ni hapa, mama."

Nikasema naenda msalani kwanza. Niko huku nyuma, daftari kwenye magoti, naandika kwa kalamu ya Kamanzi. Saa tano na dakika ishirini. Phiona amejua tangu lini kwamba sioni? Na kama alijua, Ijumaa kule bombani alikuwa ananiuliza nini?

Kamanzi kagonga mlango. Nimemwambia nakuja