Wamekuja Kumwona Mgonjwa, Mgonjwa Kaenda Kukimbia

Tunduma, Jumamosi jioni, Juni 2013

Upepo wa leo unasomba vumbi kutoka mpakani mpaka kwenye mashuka yangu, na baridi ni ile ya kuingia kwenye mifupa. Lakini mimi nawaka. Nimejifungia chumbani naandika. Sebuleni mama mkwe anaongea na mume wangu kwa sauti ya chini, sauti ile ambayo watu huitumia wakiwa na mgonjwa ndani ya nyumba.

Mgonjwa mwenyewe ni mimi.

Mliokuwa mnanisoma mwaka jana mnanijua nilivyokuwa. Kazi yangu ni kuchapa nyaraka za mizigo karibu na forodha, kazi ya kukaa kutwa. Asubuhi chai na chapati zinazochuruzika mafuta, mchana chipsi na soda, jioni mlima wa ugali. Nalala mapema, naamka nimechoka. Ikifika saa nane mchana kichwa kinaangukia kompyuta. Jumapili nikitoka kanisani nalala mpaka mume wangu, Baba Atu, aniamshe kula, nikishakula narudi kulala. Nesi mmoja alinipima presha akatikisa kichwa, akaniambia nipunguze mafuta na sukari, niongeze mboga na maharage, na nitembee.

Nikatembea. Baadaye nikaanza kukimbia alfajiri, kuelekea Chapwa, pembeni ya foleni ya malori. Mwanzoni nililala zaidi kuliko zamani, miguu inauma, nikaona nimedanganywa. Kisha usingizi ukatulia. Siku hizi nikilala nimelala, sigeukigeuki, na macho yanafunguka yenyewe kabla ya adhana ya msikiti wa jirani. Saa ninazolala ni chache kuliko za zamani na zinanitosha. Saa nane mchana niko macho, nachapa, nacheka na watu. Jioni bado nina nguvu ya kumsomesha Atu, binti yetu wa darasa la pili.

Na nimepungua. Hilo ndilo kosa langu.

Mji huu wa madereva na nyumba za wageni, mwanamke akikonda hakuna anayemuuliza kama anafanya mazoezi. Wanaulizana pembeni ameanza dawa lini.

Sasa, Baba Atu alimpigia simu mama yake kule Ibaba, milimani Ileje. Akamwambia siku hizi mke wake analala saa chache, alfajiri yuko macho, ugali hamalizi, amekonda. Kila neno ni la kweli. Ndiyo maana nashindwa hata kumwita mwongo.

Leo asubuhi narudi zangu, suruali ya mazoezi, fulana ya mume wangu imelowa jasho, naimba pambio. Nakata kona ya nyumba, namkuta mama mkwe kwenye mkeka uani, kuku amefungwa miguu, unga wa ulezi wa uji wa mgonjwa umewekwa pembeni. Na juu ya kigoda, baba mkwe.

Asiyetoka kwetu hataelewa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Tangu niolewe namjua mzee yule kwa kikohozi chake na kofia yake kwa mbali. Nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji na suruali yangu, naye akageukia ukuta, mzee wa watu, mpaka shingo ikamuuma. Pale nyuma ya pipa ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Mzee kama yule hashuki milima ya Ileje kuja kumsalimia mkamwana. Anakuja kuzika.

Mama mkwe alinifuata na kitenge chake akanifunika, machozi yanamtoka.

"Usitufiche, mwanangu. Sisi si watu wa kukukimbia."

"Shikamoo, mama. Mimi mzima, natoka mazoezini."

"Na usingizi? Mwenzio anasema hulali."

"Nalala, mama. Nalala nikatosheka."

"Mtu mzima wa afya haamki na majogoo bila jembe," akasema, akazidi kulia.

Hapo nilitaka kupiga kelele. Mama yule anaamka na majogoo maisha yake yote, anapanda mlima na jembe, anakula viazi na maharage, mwembamba, na sijawahi kumwona akisinzia mchana. Nimeanza kuishi kama yeye, ananililia. Nilipokuwa nakoroma juu ya kompyuta na presha imepanda, hakuna aliyeniletea hata yai.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma kimekuja baada ya chai. Wameamua Jumatatu warudi na Atu Ibaba. "Akazoee mapema," mama mkwe kasema, kwa upole kabisa. Mtoto wangu akazoee kukaa bila mimi, nami niko hapa napumua. Na Baba Atu alikuwepo. Alikusanya vikombe.

Nikamwita chumbani. Nikamwambia, nenda kamwambie mama yako mimi mzima.

Akasema, "Kwani tulishapima?"

Kisha akaniambia kwamba tangu Pasaka halali. Zamani nilikuwa nakoroma, naye analala. Siku hizi nalala kimya, basi anakaa macho ananisikiliza kama bado napumua. Yale macho mekundu niliyodhani ni vumbi la dukani kwake, kumbe ni hayo.

Ningemhurumia. Labda kesho kutwa nitamhurumia. Leo nimekasirika, kwa sababu miezi yote hiyo amelala ubavuni kwangu ananizika kimoyomoyo, na hakufungua mdomo isipokuwa kwa mama yake. Na katika sisi wawili, anayevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kila wiki na kulala huko ni yeye. Hilo hakulifikiria. Mimi nimelifikiria sasa hivi.

Basi nimemwambia. Jumatatu tunakwenda kupima, wote wawili, benchi moja, mchana kweupe, anayetaka kutuona atuone. Na majibu yawe yoyote, Atu haendi kuzoea chochote.

Kuku ameshachinjwa. Nasikia harufu ya mafuta, na najua paja ni langu. Nitalila, maana mama yule hana kosa, amekuja na mapenzi yake.

Kesho alfajiri natoka kukimbia kama kawaida, na safari hii natoka na Atu. Baba mkwe ageukie ukuta mapema.