Baba na Blanketi la Kijani

Nyumbani,
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko? Wifi yangu je, na wale watoto wawili wanaokula kama mafundi ujenzi? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua kidogo, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote.

Nina habari, na nimeshindwa kukaa nayo. Unakumbuka ulivyokuwa ukituuliza kwa nini sote tuna picha na baba isipokuwa wewe? Tulikujibu kwamba alitutoka hujaanza hata kutambaa, basi, ikaishia hapo. Kumbe tulikosea.

Lile kasha la slaidi zake, zile picha ndogo za kuangalia kwenye mwanga, nimeanza kuzipiga upya kwa kamera kabla hazijaharibika. Shemeji yako kanitengenezea kiwanda sebuleni: kioo cha dirisha juu ya marundo mawili ya vitabu, karatasi nyeupe juu ya kioo, taa ya mezani chini yake. Slaidi moja ilikuwa nyeusi tititi. Nilitaka kuitupa, nikasema ngoja kwanza. Nikasogeza taa karibu, nikaipa kamera muda zaidi wa kunywa mwanga. Kila nilipoongeza kikatokea kitu: dirisha, bega, kisha baba kapakata mtoto.

Nikamwita mama aione kwenye kompyuta. Akatazama.

"Huyu si mume wangu. Mume wangu hakuwa na homa ya manjano."

Nikabadilisha balbu, baba akawa wa bluu.

"Sasa umemtia kwenye friji."

Kumbe pazia lilikuwa wazi, mwanga wa nje na wa balbu vinagombea picha moja. Nikalifunga, nikazima taa ya darini, nikapiga kwanza karatasi tupu ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Nafuu, lakini mama bado alikunja uso. Akaingia chumbani, akarudi na blanketi lako la utotoni, akafungua pazia ili tulione kwa mwanga wa mchana, na kulitandaza kando ya kompyuta.

"Mtoto kafunikwa hili hili. Likifanana, na baba yenu atafanana."

Nikarekebisha rangi kidogo kidogo mpaka kijani kikakutana na kijani. Mama akainama karibu na kompyuta. Kisha akacheka huku analia.

"Ndiye. Alikuwa hamweki chini, hata chakula kinapoa."

Mimi nami nikalia. Furaha ilinizidi.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Iangalie mchana, karibu na dirisha. Kwenye slaidi nyingine zote baba kaitolea kamera macho, kifua mbele. Kwenye hii hana habari nayo. Anakutazama wewe.

Wifi na watoto wasalimie mmoja mmoja. Shangazi na shemeji yako wanakusalimu. Mungu akutunze na akurudishe salama, kwa sababu mama kasema blanketi halitumwi. Ukilitaka, uje ulichukue mikononi mwake.

Ni mimi nikupendaye tangu ukiwa ndani ya blanketi hilo,
Dada yako.