Kiti cha pweza kwenye fremu ya kioo

Shoga, acha unachofanya usome hii. Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, sitoki.

Unaikumbuka ile fremu ya kioo niliyokuwa nampambia? Katikati nilibandika kiti cha pweza nilichookota ufukweni asubuhi hii. Kile kiumbe cha baharini chenye mikono mitano kama nyota: bapa, rangi ya mchanga, miiba pembeni kama meno ya kitana. Nilikigeuza, nikakipuliza, kimya. Nani angejua ni kizima?

KIMEINUA MKONO. Mbele ya mawifi wote! Mama mkwe anajitazama kwenye kioo, na ule mkono unainuka pembeni ya uso wake.

Akaniuliza polepole, "Umenibandikia kiumbe hai?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu akakibandua kwa kisu, tukakimbia nacho baharini, nikakilaza majini. Shoga, kikazama mchangani chenyewe, taratibu, kama mtu anayejifunika shuka. Mume wangu ananiambia ndiko kinakoshinda mchana kutwa, usiku kinatoka kumeza konokono wazimawazima. Sasa ndiyo ananiambia!

Lakini kilizama na mikono minne.

Wa tano umebaki kwenye gundi. Na tumerudi tumekuta mama mkwe ameshaitundika fremu sebuleni, mkabala na mlango.