Piko la Najma

Jumamosi, 10 Mei 2025

Haya, na mie nimekuwa mgonjwa bila kuumwa. Kaja sista Editha wa afya, na kizibao chake kinachoonekana toka barabarani. Mteja wangu wa Kawe, niliyempaka maua ya piko jeusi mikononi Jumatano, kakutwa na homa ya nyani. Sasa nitapimwa joto kila asubuhi, wiki tatu nzima! Akauliza nani mwingine alipakwa siku ile, maana taulo la kuwekea mikono ni hilohilo moja. Nikamtaja Rosalia, mpangaji mwenzangu, alikuja kupaka kucha. Najma, niliyempaka siku hiyohiyo, nikamruka. Mtoto wa shoga yangu Hija, kaolewa jana tu, yuko fungate Msasani. Nimpelekee kizibao mlangoni kwa wakwe?

Jumapili, 11 Mei

Joto sawa. Editha kasimama uani, kaandika, kaaga. Dawa hana, hata sabuni hajaleta. Majirani wanachungulia.

Jumanne, 13 Mei

Rosalia kafukuzwa kazi. Alikuwa anapikia watu huko Mikocheni. Simu ya watu wa afya imemkuta jikoni, mama mwenye nyumba akasikia. Kaambiwa achukue vitu vyake. Kaja kusimama mlangoni kwangu, wala hakupiga kelele — afadhali angepiga. Dada Chausiku, mie sina hata kipele, ulinitaja ya nini?

Wateja nao wamekata mguu. Bi harusi wa Ijumaa hii, mama yake kasema anampeleka kwingine. Na kila siku nyuzi thelathini na sita, nyuzi thelathini na sita. Nani kaokolewa hapa? Nikamuuliza Editha usoni. Akasema mama, tukimwahi mmoja tunaokoa wengi. Akasema pia nauli ya kuja huku anajilipia mwenyewe, miezi sasa. Basi tumekula hasara sote.

Jumatano, 14 Mei

Editha kauliza tena, kwa upole wake ule unaoniudhi. Hakuna mwingine, mama? Nikasema hakuna. Hata mate sikumeza.

Alhamisi, 15 Mei

Hija kapiga simu asubuhi hii, anawaka. Eti piko langu limemuunguza mtoto! Vipele viganjani, vina maji, na homa tangu jana. Eti nimenunua piko bovu kwa tamaa zangu, nimemharibia mwanawe fungate. Mama mkwe anampaka shubiri kwa mikono yake mwenyewe. Mume anamlisha.

Piko linaunguza, ndiyo, nimeshaona. Lakini homa? Nikafungua mdomo nimwambie — nikamwona Rosalia kibarazani, kakaa tu, khanga begani, saa ambazo angekuwa kazini. Nikawaza mtoto wa watu anarudishwa kwao kabla fungate haijaisha. Nikasema nisamehe shoga yangu, lile piko kweli halikuwa zuri.

Hija akalia. Akasema alhamdulillahi, kama ni piko tu, maana usiku kucha alikuwa anaogopa. Akanishukuru. Mie! Akasema atawaambia waendelee na shubiri.

Editha anapiga hodi. Nimemwambia asubiri, natafuta mtandio.

Mtandio ninao kichwani.