Sanduku la Barua Nililofungua kwa Jina Lako

Msasani, Tukuyu
Jumatatu, 10 Machi 2003

Mdogo wangu Ipyana,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula kwa saa zake, na joto la Dar es Salaam halijakumaliza. Sisi huku tunaendelea. Mvua ni ile ile unayoijua, wiki ya tatu sasa jua tunalisikia redioni tu. Baba hajambo. Kifua kimetulia tangu Januari, na asubuhi anazunguka migombani bila fimbo. Mimi nami sijambo, isipokuwa nina hasira, na hizo nitakueleza moja moja.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Mimi niliyekula kwa kuchapa miaka kumi na minne, leo nakuandikia kwa kalamu. Mke wa Zubery mwenye duka la fotokopi anasafiri keshokutwa kumwona mwanawe huko, nimemwomba akukabidhi mkononi na asimpe mtu mwingine. Kila nikikuandikia kwa kompyuta unanijibu mstari mmoja, kwamba umeipata na uko bize. Mstari mmoja, Ipyana! Hata telegramu za zamani zilikuwa na maneno mengi kuliko wewe.

Halafu kuna hiyo kazi yako. Krismasi ulipoamua kuandika barua ndefu kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya kujisifu. Ulisema kampuni yenu inafunga mtambo kwenye ofisi za watu, nawe unakaa chumba chenye baridi ukitazama nani amefungua ukurasa gani na saa ngapi, na ule ambao bosi wao haupendi unaufunga. Niliisoma mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. Yaani umesoma miaka yote ile ili uwe mchungulizi? Uliita usalama wa mtandao. Huku kwetu mtu anayesimama dirishani kwa jirani kusikiliza tuna jina lake, na si zuri. Kwa hiyo haya ninayokuandikia leo sikutaka yapite kwenye waya wa mtu yeyote.

Huku nako wazimu umeingia. Tangu ubinafsishaji uanze kazi za kiwandani zimekwisha, na kila mzazi amesikia kwamba mtoto akijua kompyuta amepona. Vyuo vya kompyuta hapa mjini sasa ni vitatu. Kimoja nimekiona kwa macho yangu: wanafunzi kumi na tisa, kompyuta moja, na wengine wamechorewa vitufe kwenye vipande vya boksi la sabuni, wanabonyeza boksi kutwa nzima wakingoja zamu. Baada ya miezi mitatu wanapewa cheti. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ibighi alinifuata na cheti cha binti yake, akiuliza sasa kazi yenyewe iko wapi. Nilimwambia nina mdogo wangu Dar, nitamuuliza. Basi nakuuliza.

Zubery naye ameongeza kompyuta mbili na laini ya simu kwenye lile duka lake pale Ibighi, na mimi ndiye ninayeziendesha siku tatu kwa wiki. Laini ni moja. Shangazi yake akipiga simu kutoka Tanga, mtandao unakatika na wateja wananitazama mimi. Radi ikipiga mlima Rungwe, unakatika. Tukiwapigia wenye huduma huko kwenu Dar, tunaambiwa tusubiri, suala linashughulikiwa. Mwezi wa kumi na mbili suala lilishughulikiwa siku tisa. Nilimwambia Zubery kwamba posta ya mkoloni ilikuwa na haraka zaidi, akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Sasa nije kwa baba, maana ndiye aliyenikalisha kuandika. Sihitaji kukukumbusha mwaka 2000, lakini nitakukumbusha.

Mwekezaji alipochukua kiwanda cha chai, wewe ndiye kijana wa kwanza kupewa chumba chenye kompyuta. Baba alikuwa fundi mitambo pale, mwaka wa thelathini na moja. Alijisifu kila mahali kwamba baba na mwana wako kazini pamoja. Kisha asubuhi ile ya Juni orodha ikasomwa getini mbele ya wafanyakazi wote: watu sitini na wawili wanaopunguzwa, na baba wa arobaini na moja. Karatasi ilikuwa ile ndefu ya kompyuta yenye matundu pembeni, na kiwanda kizima kilijua inatoka chumba gani. Wewe uliapa kwamba siku zile ulikuwa Mbeya kufuata kifaa, hukuiona orodha wala kuigusa. Baba akasema fundi anajua kila kinachotoka kwenye mtambo wake. Ukaondoka, na miaka mitatu kasoro hajapokea salamu yako.

Septemba mwaka jana kifua kilipombana aliwaita wazee wawili wa ukoo. Aliwaambia kwamba akifa, wewe usishike udongo wa kaburi lake. Nilikuwa nyuma ya mlango na bakuli la uji. Nilirudi nalo jikoni, nikakaa juu ya ndoo, nikalia mpaka uji ukapoa. Ndipo nilipofanya nililofanya.

Nilimwambia baba kwamba umemwandikia. Nilikuwa nimeichapa barua mwenyewe, ya salamu tu na kumpa pole. Aliishika, akaigeuza upande wa pili, akaniambia karatasi hata mimi naweza kuichapa, si ndiyo kazi yangu? Alisema ili aamini, lazima aione barua ikija kwa waya, yenye jina lako juu. Unamjua. Jambo ambalo hajaona likizunguka kwa macho yake, kwake halijatokea.

Nikaenda kwa Zubery nikafungua sanduku la barua pepe kwa jina lako, kwenye kampuni moja ya ng'ambo inayoyagawa bure. Hapo ndipo nilipozijua kampuni hizi. Waliniuliza tarehe ya kuzaliwa, kazi, na mambo ninayoyapenda. Waliniuliza jina la mnyama wangu kipenzi, nikawapa jina la ng'ombe wa marehemu mama. Wakanimwagia kurasa zisizoisha za Kiingereza cha mahakamani, na mwisho wake kitufe kimoja cha kukubali, cha kukataa hakuna. Wakanionya kwamba nisipolifungua sanduku siku thelathini, watalifunga na kufuta kila kilichomo. Kila kitu changu walikitaka, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kweli mimi ni Ipyana Mwakatobe. Nilikaa mbele ya kile kioo nimekasirika kabisa. Nadhani nilitaka wanikatalie.

Hawakunikatalia. Kwa hiyo tangu Oktoba, baadhi ya Alhamisi, asubuhi natuma barua kwa jina lako kwenda anuani ya duka, na mchana baba anashuka mjini kuiona ikiingia. Anavua kofia, anakaa kwenye stuli karibu na kompyuta ile aliyoapa hataikaribia maisha yake yote. Siku ya kwanza aliposikia ile milio ya kuunganisha simu alisema beringi za mtambo huu zimekufa. Kisha jina lako likatokea kwenye kioo. Akalisoma mwenyewe, herufi moja moja, kidole kikiwa karibu kugusa. Akasema ndaga, ile asante yake ya chini kwa chini anayoisema mtu akimrudishia spana yake. Kwa miaka thelathini na moja mtambo haukuwahi kumdanganya, Ipyana, na mimi niliutumia huo huo.

Barua ni tano. Nakala zake nimezikunja humu ndani. Ile ya tatu ndiyo nzito. Ndani yake unamwambia kwamba ni kweli, jina lake lilipita mikononi mwako, kwamba ungeweza kumwonya asiende kuaibishwa getini, ukanyamaza kwa woga wa kupoteza kazi, na kwamba hakuna siku unayokula ukashiba tangu hapo. Aliniambia niirudie. Nikairudia, nikiyatafsiri kwa Kinyakyusa yale maneno magumu, na katikati nikafuta pua kwa ncha ya kanga. Akaniuliza nina nini, nikasema mafua. Baba akachukua kofia yake, akasema aliyeandika haya ameumia kweli.

Baada ya hapo alibadilika. Alianza kukutaja wakati wa kula. Alhamisi mbili zilizopita akaniambia tuache kuandikiana, mambo ya waya sasa yatosha. Kinyongo hakitoki kwa waya wala kwa karatasi, alisema. Kinyongo kinatamkwa kwa mdomo mbele ya wazee, na yule uliyemkasirikia akiwepo anasikia, la sivyo kinabaki kifuani kikimla mtu. Ameshawaalika. Ni Jumamosi tarehe 22 mwezi huu. Mimi nimeambiwa nipike ndizi za mbalaga za watu kumi na watano.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nilipokaa asubuhi hii nilikusudia kukuomba uje, na njiani uzikariri hizo karatasi tano ili baba asikukute hujui ulichomwandikia. Nilitaka nikugombeze kidogo kuhusu kazi yako, nikuchekeshe kidogo kuhusu vyuo, kisha nikuombe hivyo kama jambo dogo. Nimefika hapa nimeona siwezi.

Ipyana, ile orodha niliichapa mimi.

Wiki uliyokwenda Mbeya, meneja mpya alimtuma dereva hapa nyumbani Msasani kunifuata. Alisema ana kazi ya kuchapa ya siku mbili na wewe haupo, na alijua ulikuwa umenifundisha kuitumia kompyuta ile jioni za Jumamosi. Nilikaa kwenye kiti chako. Waliniletea majina yameandikwa kwa mkono. Nilipofika la arobaini na moja niliondoa vidole kwenye vitufe. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniambia habari hii ikitoka nje kabla ya siku yake atajua imetoka kwa nani, na nikiwa msiri kuna nafasi ya karani ofisini itakuwa yangu. Nikachapa Ambilikile Mwakatobe, fundi mitambo, nikaendelea na la arobaini na mbili. Nafasi ya karani sikuipata, na usinionee huruma kwa hilo.

Kuchapa peke yake ningejisamehe, maana nisingechapa mimi angechapa mwingine. Lakini zilipita siku nne kati ya kuchapa na kusomwa. Siku nne nilikaa naye meza moja. Na asubuhi yenyewe nilimfungia chakula chake, ndizi na maharage, nikamkabidhi begi la spana mlangoni nikijua wanakwenda kumwita jina mbele ya watu. Aliniambia jioni nimkumbushe kurekebisha bawaba ya mlango wa jiko. Alirudi saa nne asubuhi na kile chakula hakijafunguliwa.

Ulipolaumiwa wewe nilijiambia nitasema kesho. Ukafunga sanduku lako la nguo, ukaniaga, ukaniambia nimtunze baba kwa kuwa sasa amebaki na mtoto mmoja tu anayemwamini. Nikasema sawa. Wewe ulidhani orodha ilichapwa na yule karani wa mwekezaji aliyetoka Dar, nami nikakuacha udhani hivyo.

Sasa unaelewa kwa nini barua ya tatu ilinijia bila kufikiri. Haikuwa yako hata neno moja. Ilikuwa yangu yote, nikaweka jina lako juu kwa sababu kampuni ya bure iliniruhusu na kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuweka langu. Nimekaa hapa nikikuita mchungulizi. Wewe angalau unafunga kurasa za watu usiowajua. Mimi nimemfungia baba ukweli miaka mitatu, na nikachagua nini kimfikie na kwa jina la nani. Samahani kwa neno lile. Kazi yako bado siipendi, lakini si mimi wa kuisema.

Zichome hizo karatasi, usizikariri. Njoo tu, panda basi la Alhamisi ili Ijumaa upumzike. Jumamosi wazee wakishakaa, baba atataka kuanza kutamka, na kabla hajafungua mdomo nitasimama mimi. Akimsamehe asiyekosa, kinyongo chake kitakwenda wapi? Nataka uwepo usikie ukisafishwa kwa sauti, kwa Kinyakyusa, mbele ya watu wale wale walioambiwa usishike udongo. Huenda akanifukuza. Huenda akasema juu yangu yale aliyoyasema juu yako. Ikiwa hivyo, nakuomba umtunze wewe sasa. Dawa ya kifua iko kwenye kopo la majani ya chai, na bawaba ya mlango wa jiko bado haijarekebishwa.

Lile sanduku sitalifungua tena. Zikitimia siku thelathini watalifunga wenyewe kama walivyoahidi, na litakuwa jambo la kwanza jema walilonifanyia.

Nisalimie wenzako wa chumba kile cha baridi. Zubery na nyumba yake wanakusalimu. Baba naye anakusalimu, na salamu hii ni yake mwenyewe, sikuongeza neno. Jana jua lilitoka kama nusu saa, akaniita nje. Aliniagiza nikuandikie kwamba blanketi lako ameshalianika.

Ni mimi dada yako,
Tusekile