Kapasita Isiyo Yangu

Jumanne, 4 Machi

Visanduku sita vimekamilika. Cha mwisho nimekichomea leo kabla ya chai. Vidole vinanuka risasi ya kuchomea, mgongo umegoma. Mwalimu wa muziki anataka vyote sita viwe Mkwaruzo — pedali yetu inayouzika kuliko zote. Ukiikanyaga, gitaa linatoka na sauti nzito ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua.

Mdogo wangu ameshavihamishia mezani kwake. Sasa ni zamu yake: msasa, rangi ya kwanza, kuoka. Ndiyo, kuoka! Anaviingiza kwenye oveni ya jikoni ili rangi ikamate, halafu siku mbili chakula chote kinanuka duka la rangi. Nimelalamika. Kanijibu kwamba hajawahi kuniona nikirudisha sahani. Ana mdomo huyu.

Safari hii jogoo ni wa bluu. Kila kisanduku jogoo wake, na hakuna anayefanana na mwenzake. Mkia unashuka ubavuni na kuishia tumboni, juu ya skrubu zote nne. Nimemwambia mara ngapi, fundi yeyote atakayefungua atauvunja huo mkia. Yeye anasema skrubu zikionekana ni kama mtu kavaa suti na ndala. Manyoya madogo anayachora kwa rangi ya kucha. Mwisho kabisa vanishi, mara mbili, juu ya kila kitu.

Najua watu wananunua kwa ajili ya jogoo. Lakini wanarudi kwa ajili ya sauti, na sauti ni yangu. Ndani ya kila kifuniko naandika kwa penseli: Nimekisikiliza. Chini yake sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Kidole kaleta Mkwaruzo wake wa mwaka jana, swichi ya mguu imekufa. Huyu ni mpiga gitaa, mteja wetu wa kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu kidole chake kimoja kilibanwa na mlango utotoni, hakikunjiki mpaka leo, na bado anawatoa jasho wenye vyote kumi. Mdogo wangu hakuwepo, alikuwa amefuata rangi mjini.

Nimekata vanishi kwa wembe mbele yake. Kafumba macho kama anayechomwa sindano. Taratibu na jogoo wangu, Dada Fundi. Nikamwambia jogoo ataumia kidogo, atapona. Kaondoka kabla sijamaliza, ana mazoezi.

Swichi nimebadilisha, haikunichukua muda. Nikawa naangalia angalia ndani, mazoea tu. Ndipo nikaona.

Kapasita ni kitu kidogo, kama punje ya mahindi. Hiyo ninayoisema mimi ndiyo inayoamua ukali wa sauti. Ukiweka ndogo, sauti inang'aa. Ukiweka kubwa, ukali unakatwa. Mimi naweka ndogo, na tangu mwaka juzi nimezidi kuipunguza, maana nilianza kuona sauti inazama, kama inapigwa nyuma ya blanketi. Humu ndani kuna kubwa! Na si mimi niliyeichomea. Risasi yangu huwa kidogo, imelala, inang'aa. Hii imevimba kama chunusi.

Mtu kaingia kwenye kazi yangu. Kayaacha maneno yangu kwenye kifuniko, kaiacha sahihi yangu, kabadilisha sauti chini yake. Nimekaa nikiitazama mpaka chai ikapoa. Huyu Kidole atanieleza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumkuta chumbani kwake, nyuma ya kwa fundi cherehani. Sikumwamkia. Nimemuuliza nani kakifungua kisanduku changu, na kama sauti yangu haimfai, si angesema tu? Nimefoka mpaka cherehani ya jirani ikanyamaza kusikiliza.

Kidole hakukasirika. Kaniuliza polepole, angekifunguaje bila kuikata vanishi? Si niliikata mimi mwenyewe jana, ikiwa nzima, yeye akiona?

Nimerudi kwa miguu, na njiani nikapiga hesabu. Vanishi ndiyo kazi ya mwisho. Inakuja baada ya rangi, na rangi inakuja baada yangu. Kati ya mkono wangu na vanishi kuna mtu mmoja tu duniani.

Nimemkuta mezani anapaka kishungi cha jogoo, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama alipokuwa darasa la pili. Dada, mbona umekunja uso? Nimesema jua.

Ijumaa, 7 Machi

Labda ni kile kimoja tu. Labda kapasita iliungua, akaona aibu kunisumbua. Asubuhi nzima nimemtetea kichwani, kama wakili asiye na mshahara.

Alipoingia kuoga nimevifungua vile sita vya mwalimu. Bado havijafika kwenye vanishi, wala mkia haujafika kwenye skrubu. Vitatu vina kapasita yangu. Vitatu vina kubwa, na chunusi zake, mbichi kabisa. Anakwenda navyo kwa zamu, bila haraka, kama mtu anayepalilia shamba lake.

Kwa hiyo si kimoja. Ni vyote. Ni vingapi vimetoka humu ndani na uongo tumboni?

Na nani kamfundisha kuchomea? Mimi! Ameketi pale miaka yote anachora kuku, kumbe macho yapo mkononi kwangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu yuko meza ya pili, kashika brashi.

Sijamuuliza. Nikimuuliza atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nitakubali, kwa sababu ni yeye. Nataka kujua kwanza sababu.

Mchana kaniletea chai. Ina sukari nilivyozoea. Nimeinywa kama dawa.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi ni siku yangu ya sokoni. Nimetoka na kikapu kama kawaida. Ndani ya kikapu, chini ya kanga, visanduku viwili: kimoja kina kapasita yangu, kingine yake. Sokoni sikufika.

Nimemwomba Kidole radhi, akasema yaliyopita si ndwele. Nimemwambia apige. Kaanza na cha mdogo wangu. Kikapiga vizuri, wala sikatai. Kisha changu. Mara fundi cherehani kagonga ukuta, jamani tuhurumieni masikio! Kidole mwenyewe kafumba jicho moja huku anapiga.

Mimi nimesikia sauti ileile. Nimesema hivyo, havina tofauti.

Kidole kaweka gitaa chini. Kaniuliza, kwani hamjakubaliana? Nikamuuliza nani na nani. Akasema wewe na mdogo wako, sisi tulidhani mmekubaliana. Sisi! Sisi akina nani? Kaangalia viatu vyake. Yeye, mpiga besi, na mwenye duka la magitaa.

Imetoka kidogo kidogo, nimeivuta kama mwiba. Mwaka juzi visanduku vitatu vilirudishwa, vinachoma masikio. Mdogo wangu kavipokea mlangoni, kawaambia wateja nitaongea naye. Hakuongea nami. Akajifunza kuchomea. Halafu Jumamosi, mimi nikiwa sokoni, Kidole anakuja, anakaa kwenye kiti changu, anasikiliza, anamwambia ongeza, punguza, hapohapo. Kiti changu! Na jioni ninaporudi nakikalia, bado kina joto lake.

Nimembishia. Nimemwambia masikio haya yalitengeneza redio za mtaa mzima yeye hajaota meno. Akasema: "Zile sauti za juu, Dada Fundi. Huzisikii." Kasema polepole, kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama watu wanavyosema na bibi kizee.

Nimerudi na kikapu bila hata kitunguu. Mdogo wangu hakuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Nina birika la mluzi. Tangu mwaka jana nimekuwa nikisema limeharibika, na mdogo wangu anasema ndiyo dada, tutanunua jingine.

Leo nimelijaza maji, nikaliweka jikoni, nikakaa mbele yake kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Yeye yuko uani, anaanika nguo. Maji yakachemka. Mvuke ukatoka mdomoni kwa birika, umenyooka, una nguvu. Nikasikia maji yanavyotokota. Nikasikia mfuniko unavyochezacheza. Mluzi, hakuna.

Basi mdogo wangu huyo, kaja mbio kutoka uani na nguo mbichi begani! Kanikuta nimekaa palepale. Tumetazamana. Kazima jiko. Nilikuwa napita tu, kasema.

Birika ni zima.

Jumatatu, 10 Machi

Sina hamu ya kuandika. Kaniwekea mto kwenye kiti cha kazi, anasema mgongo wangu unamtia wasiwasi. Mto wenyewe kaushona yeye. Nimeutoa. Kaurudisha. Nimeuacha.

Masikio yamezeeka. Haya, na magoti pia, na meno mawili hayapo, sijamlilia mtu. Ningeambiwa ningelia siku tatu, nikanawa uso, nikasema sasa tufanyeje. Lakini mimi kila kisanduku nimempa mkononi, nikamuuliza kikoje? Na yeye kila mara: "Safi, dada." Miaka miwili ya safi, dada. Na mwenye duka, yule, mwezi uliopita kaniambia mkono wangu haujachuja, akanipa na kiti mbele ya wateja! Nikatoka pale kifua mbele. Kumbe natembea mjini na sauti ya mtu mwingine, na wote wanajua isipokuwa mimi. Wameniangalia nikitamba. Labda wameniombea dua. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko kama wangenicheka.

Na mbaya zaidi, vyake ni vizuri. Nimeshasema, sikatai.

Kumfukuza siwezi, nyumba ni yetu sote. Kuacha kazi siwezi, sijui kazi nyingine. Kinachobaki ni kufanya kazi na mtu ambaye nikimuuliza jambo, siwezi kujua kama ananijibu au ananibembeleza. Fundi asiyesikia anaweza kuazima masikio. Lakini lazima ayaamini hayo ya kuazima.

Nimeamua. Kesho nitampa nafasi. Moja.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu anakuja jioni kuchukua vyake.

Asubuhi nimechukua kimoja cha vile sita, ambacho mdogo wangu hajakigusa ndani. Kapasita nimeitoa kabisa. Sijapunguza, nimeitoa, yamebaki matundu mawili matupu. Naijua hesabu yake hata kama siisikii. Kisanduku cha namna hiyo kinapiga yowe, mtu mwenye masikio hawezi kukaa nacho chumba kimoja.

Nimemwita. Nimemsimamisha mbele ya spika kabisa, brashi mkononi. Nilikuwa nimejiambia hivi: akisema dada, kinauma, basi yote yamekwisha. Nitamkumbatia hapohapo. Nitamwambia najua, nimejua tangu Jumamosi, njoo ukae hapa karibu yangu, uwe unanisikilizia, na kwenye kifuniko tutaweka sahihi mbili. Nilikuwa nimeshaiona hata sahihi yake itakaa wapi. Neno moja tu nililitaka.

Nimekanyaga swichi. Nimepiga waya wa chini wa gitaa, kisha wa juu kabisa, nikauacha ulie.

Mabega yake yaliruka. Brashi ikamponyoka, ikaacha doa la bluu sakafuni. Macho kayabana, yakatoka machozi, ya sauti, si ya huzuni. Mbwa wa jirani kaanza kubweka, huyo nimemsikia.

Nimezima. Nikamuuliza, kikoje?

Kajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Akatabasamu. Ni tabasamu zuri, nalijua tangu halina meno.

"Safi, dada," kasema. "Nipe nikamalizie mkia."

Nikampa. Nifanyeje, mkono wenyewe umempa. Kakibeba kifuani kama mtoto.

Sasa naandika hapa mezani kwangu. Yeye yuko kwake, kanipa mgongo. Kuna kitambaa mbele yake, na chini ya kitambaa naiona bisibisi, mpini wake mwekundu umetokeza. Kaniuliza si nilisema nitakwenda kununua betri kabla mwalimu hajaja? Nimesema nitakwenda. Kasema nenda tu dada, usiharakishe. Nimesema nimalize kwanza. Kauliza naandika nini. Nimesema orodha ya vya kununua.

Anachovya brashi kwenye rangi, anaifuta kwenye ukingo wa kopo, anaichovya tena. Unyoya hata mmoja haujaongezeka. Ameangalia mlango, ameniangalia mimi. Kauliza, orodha bado haijaisha?

Nimemwambia bado. Sijainuka.